Sindano Katikati Si Haki: Mpiga Picha wa Tana na Uamuzi wa Kamera

Utangulizi

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayetarajia mali ya jamaa yake. Hata hivyo, inamfaa vilevile mpiga picha anayesubiri kamera imwamulie kila jambo. Makala haya yanashughulikia kamera ya filamu ya lenzi moja yenye kioo ndani, ile ambayo mpigaji huchungulia na kuona kile hasa kinachopita katika lenzi. Yanaitazama kamera hiyo ikiwa mikononi mwa mtu aliye Garsen na katika vijiji vya kando ya mto Tana. Dai la msingi ni kwamba vidhibiti vya kamera hiyo ni mahali pa uamuzi, na kwamba asiyevielewa hukabidhi sura za watu wake kwa mizani iliyowekwa mbali na kwao. Dai la pili, linalofungamana na hilo, ni kwamba maarifa haya hayawezi kukita mizizi bila istilahi za Kiswahili zinazoeleweka na mafundi wenyewe.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili lishughulike na kamera. Jibu ni jepesi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha yenye hadhi hiyo haiwezi kubaki ya mashairi na hotuba pekee, ilhali fundi anayetaka kueleza kifaa kilicho mkononi mwake hulazimika kukimbilia lugha nyingine.

Vidhibiti vitatu na lugha yake

Kamera ya aina hii, iwe Pentax K1000 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, Nikon, Canon au Zenit ya Urusi, ina mambo matatu yanayosimamia mwanga. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kufinyika mithili ya mboni ya jicho. La pili ni shata, yaani pazia linalofunguka na kufungwa mbele ya filamu kwa muda uliopangwa. La tatu ni uwezo wa filamu yenyewe kuupokea mwanga, unaoandikwa kwenye kasha kwa nambari kama 100, 200 au 400. Mambo haya hufanya kazi kwa hatua, na kila hatua huongeza mwanga mara mbili au huupunguza kwa nusu.

Wanaoanza kujifunza hukwama mahali pamoja: nambari za tundu zinaonekana kuwa kinyume. Kwenye pete ya lenzi kumeandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Mwanafunzi huambiwa kwamba 16 ni tundu dogo na 2 ni tundu kubwa, naye huikariri kanuni hiyo kama ibada asiyoijua maana yake. Ilhali Kiswahili kinaweza kulitatua fumbo hili kwa sentensi moja. Nambari hizo ni sehemu. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 50, ikiwekwa kwenye 2, huwa na tundu la moja ya mbili ya urefu huo, yaani milimita 25. Ikiwekwa kwenye 16, tundu huwa moja ya kumi na sita, yaani takriban milimita 3. Mtoto yeyote wa Garsen aliyewahi kugawana embe na nduguze anajua kwamba moja ya kumi na sita ni kipande kidogo kuliko moja ya mbili. Kilichokuwa kigumu hakikuwa hesabu. Ugumu ulitokana na kufundishwa kwa lugha isiyomfikia mwanafunzi.

Hali ni iyo hiyo kwa gurudumu la shata. Nambari 500 iliyochongwa juu yake humaanisha moja ya mia tano ya sekunde, na 60 humaanisha moja ya sitini. Isitoshe, wengi husema "kasi ya shata" na papo hapo "kasi ya filamu", wakamchanganya msikilizaji kwa kuyaita mambo mawili tofauti kwa neno moja. Shata hukimbia kweli, kwa hiyo kasi inaifaa. Filamu haikimbii popote, hupokea tu. Ingefaa iitwe yenye usikivu: filamu ya 400 ina usikivu mkubwa kuliko ya 100, kwani huitika kwa mwanga mdogo zaidi. Neno usikivu lipo tayari, linajulikana, na linabeba maana bila kuhitaji maelezo marefu.

Sindano ya kati na dhana ya kijivu

Katika kamera kama K1000, mpigaji huchungulia akaona sindano ndogo upande mmoja wa picha. Sindano hiyo inaendeshwa na kipimamwanga. Akizungusha tundu au shata, sindano hupanda na kushuka. Mafunzo ya haraka humwambia hivi: iweke katikati, kisha fyatua. Hapa ndipo penye kiini cha hoja ya makala haya.

Kipimamwanga hakijui kinachotazamwa. Hakijui kama ni uso, ukuta, ng'ombe au anga. Kimetengenezwa kwa kudhani kwamba kila kinacholetwa mbele yake, kikijumlishwa, ni sawa na rangi ya kijivu ya wastani. Vitabu vya upigaji picha huieleza rangi hiyo kuwa kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Sindano ikikaa katikati, kamera imesema jambo moja tu: kitu hiki kitatoka kijivu. Kama kweli ni cha wastani, picha itakuwa sahihi. Kama ni cheupe mno au cheusi mno, itakuwa ya uongo, na sindano itaendelea kukaa katikati kwa utulivu kama shahidi aliyelishwa maneno.

Sasa mizani hiyo iletwe Garsen. Karibu na mji huo, kwenye maeneo ya maji ya Idsowe, ndege wa majini hukusanyika na kuzaliana, wakiwemo yangeyange weupe pe. Mpigaji akimjaza yangeyange katika picha na kuitii sindano, atapata ndege wa rangi ya majivu. Ni sharti aongeze mwanga kwa hatua moja na nusu hadi mbili ili weupe urudi kuwa weupe. Akigeukia malishoni, atakutana na ng'ombe wa Waorma, wengi wao weupe au wenye rangi hafifu, wakiwa wamesimama kwenye vumbi linalong'aa kwa jua. Udanganyifu ni ule ule. Na akimfuata mchungaji mwenyewe, mwenye ngozi nyeusi, aliyesimama mbele ya ng'ombe hao na anga jeupe la adhuhuri, hapo huzuka madhara makubwa zaidi. Kipimamwanga huona weupe mwingi, hupunguza mwanga ili kuushusha weupe huo hadi kijivu, na uso wa mchungaji huzama gizani. Macho hayaonekani. Mikunjo ya paji la uso haionekani. Hubaki kivuli chenye umbo la mtu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba filamu ya negativu ikikosa mwanga katika sehemu za giza, hakuna fundi wa kuirejesha sehemu hiyo. Filamu haikuandika kitu pale. Aonaye picha hiyo husema, "Kamera haikumpenda," ama hata, "Yeye ni mweusi mno." Kosa hubebeshwa ngozi, ilhali aliyekosea ni aliyeiamini sindano. Madhara haya si ya albamu peke yake. Katika picha ndogo ya kitambulisho, uso uliopotea ni uso ambao afisa hawezi kuulinganisha na mtu aliye mbele yake. Katika picha ya pekee ya marehemu, ni mzazi ambaye wajukuu hawatamjua kamwe.

Mizani ilitoka wapi?

Ni vyema ieleweke kwamba kasoro hii haikuishia kwenye kipimamwanga. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilisambaza kwa mafundi wa kusafisha picha kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizokuja kujulikana kwa jina la Shirley. Fundi alirekebisha rangi za mashine yake hadi ngozi ya mwanamke huyo ionekane vizuri, kisha picha za watu wote zikapita katika mashine iliyorekebishwa hivyo. Ilikuwa miaka ya 1990 ndipo kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipoanza kutolewa. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada aliieleza historia hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 2009. Hata katika zama za simu, tatizo halikuisha lenyewe: mwaka 2021 kampuni ya Google ilipotoa simu ya Pixel 6, ilitangaza kuwa imerekebisha kamera yake ili ngozi nyeusi zionekane kwa usahihi zaidi. Tangazo hilo lilikuwa ungamo kwamba kamera za awali hazikuwa na usawa.

Hata hivyo, haifai mjadala huu uishie katika lawama. Wapiga picha wa pwani hawakusubiri Kodak ibadilike. Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, aliendesha studio mjini Lamu na kupata sifa kwa ubunifu wa picha zake. N. V. Parekh alikuwa na studio mjini Mombasa iliyowavutia maharusi na vijana kwa miaka mingi. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, ameandika kwa kina kuhusu studio hizo na kuhusu wapiga picha wa Likoni katika kitabu alichokitoa mwaka 2013. Watu hawa walifanya kazi kwa filamu na vifaa vya viwanda vya mbali, lakini waliamua wenyewe uso uonekane vipi. Huo ndio urithi unaopaswa kudaiwa.

Tiba iliyo mkononi

Tiba ya udanganyifu wa sindano haina gharama. Ya kwanza imo katika kiganja. Viganja vya watu hutofautiana weupe kwa kiasi kidogo kuliko nyuso zao, na kiganja hung'aa takriban hatua moja kuliko kijivu cha kipimamwanga. Mpigaji aunyoshe mkono wake katika mwanga ule ule unaomwangukia anayepigwa, akipime kiganja, kisha aongeze hatua moja. Hapo anga na kanzu nyeupe havitamdanganya tena. Akitaka kuupima uso mweusi wenyewe kwa kuusogelea, akumbuke kwamba sindano itataka kuupausha uwe kijivu, basi apunguze takriban hatua moja ili ngozi ibaki na rangi yake. Mwenye filamu ya negativu na shaka moyoni ni heri aegemee upande wa kuongeza mwanga. Mwenye filamu ya slaidi aogope zaidi kuunguza.

Ya pili ni kanuni ya jua. Anga likiwa wazi, tundu likiwekwa kwenye 16 na shata ikakaribiana na nambari ya filamu, picha ya kitu kilicho juani itatoka bila kipimo chochote: filamu ya 100 kwa shata ya 1/125, filamu ya 400 kwa 1/500. Garsen iko karibu na ikweta, na jua la mchana husimama utosini. Uso ulio chini ya kofia au kivuli cha mwembe hauko juani, hata kama shamba lote linawaka. Kwa uso huo, tundu lifunguliwe hatua 3, kutoka 16 hadi 5.6. Kanuni hii ina faida nyingine kubwa. Betri ya K1000 hutumika kuendesha kipimamwanga pekee. Shata inaendeshwa na springi. Betri ikiisha mahali pasipo na duka la kuuza nyingine, anayeijua kanuni ya jua huendelea na kazi.

Uamuzi haukomei kwenye kiasi cha mwanga. Mchanganyiko wa 1/125 na 16 huingiza mwanga sawa na 1/500 na 8, lakini picha si moja. Mpiga kasia katikati ya Tana akipigwa kwa 1/500, matone ya maji husimama hewani. Akipigwa kwa 1/60, kasia huwa mawimbi na mkono huonekana ukifanya kazi. Katika msitu wa kando ya mto, anamoishi mbega mwekundu wa Tana, kima adimu asiyepatikana kwingine duniani, vidhibiti vyote vitatu hugombana. Lenzi ndefu ya milimita 200 hutaka shata isiyopungua 1/250 ili mtikisiko wa mkono usiharibu picha. Kivuli cha miti hutaka shata ya polepole. Tundu likiwa limekwisha kupanuliwa hadi mwisho, mpigaji hubaki na filamu yenye usikivu mkubwa au kigogo cha kuegemezea kamera. Anayejua vidhibiti vyake hujua pia ni nini anachokitoa ili apate kingine.

Kuna vilevile upande wa maadili. Tundu kubwa, kama 2.8, huonyesha uso tu na kuyafuta mazingira. Tundu dogo, kama 11 au 16, huonyesha mtu pamoja na mahali pake. Mto Tana ulifurika vibaya wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ukafurika tena mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023 na katika 2024. Kila mafuriko huleta wapiga picha. Mwenye lenzi ndefu na tundu kubwa hurudi na uso wa mama aliyezungukwa na ukungu, ambaye angeweza kuwa popote. Mwenye tundu la 11 hurudi na mama yule yule, pamoja na shamba lake la mpunga lililozama, migomba iliyolala na paa la nyumba yake. Picha ya kwanza huomba huruma. Ya pili ni ushahidi. Mwenyeji wa Tana, awe Mpokomo, Mwaorma au Mwardei, anastahili ya pili, baada ya kuombwa idhini yake.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba filamu imepitwa na wakati, ni ghali, na kila kijana wa Garsen ana simu. Ni kweli filamu ni ghali, na maabara za kuisafisha zimepungua. Kadhalika joto na unyevu wa bonde la Tana ni adui wa filamu na wa lenzi. Lakini simu haijaondoa tundu, shata wala usikivu. Imeyaficha mambo hayo tu. Ndani ya simu kuna kipimo kinachofanya uamuzi kama wa sindano, ila mtumiaji haoni kikifanyika. Kamera ya filamu huufungua uamuzi huo mbele ya macho ya mwanafunzi, na mkanda wa picha 36 humlazimisha afikiri kabla ya kufyatua. Aliyejifunza hivyo, akirudi kwenye simu, hugusa uso katika kioo na kurekebisha mwanga akijua anachokifanya.

Wengine watasema kwamba istilahi ni kazi ya mabaraza na taasisi, mathalani BAKITA, TATAKI, CHAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Vyombo hivi vina wajibu wake. Lakini istilahi inayoshushwa kutoka ofisini bila kupitia studio mara nyingi hufia katika kurasa za faharasa. Mafundi wa mitaani tayari wana maneno yao: hununua mkanda, hufyatua, hupeleka kusafisha, na mkanda ulioingia mwanga husema umeungua. Maneno haya ni mafupi, yana picha ndani yake, na yamehimili miaka. Neno shata limetoka ugenini, lakini limekwisha kuvaa vazi la Kiswahili. Haina haja kuyang'oa ili kupanda mapya.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, yapo mambo mawili yanayoweza kufanywa na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili bila kungoja bajeti ya serikali. Kwanza, wanafunzi wanaotoka Garsen, Hola, Malindi na Lamu wakusanye wakati wa likizo maneno ya wapiga picha wazee, pamoja na maelezo ya jinsi walivyozipiga nyuso nyeusi kwa filamu zilizokusudiwa nyuso nyingine. Kila mzee anayeondoka bila kuulizwa huondoka na faharasa nzima. Pili, kwa maneno hayo uandikwe mwongozo mfupi wa kamera kwa Kiswahili, wenye mifano ya yangeyange, ng'ombe mweupe na mchungaji mweusi mahali pa mifano ya theluji.

Sindano itaendelea kukaa katikati, kwani ndivyo ilivyoundwa. Haimjui yangeyange wala mchungaji. Anayewajua ni mwenyeji aliyeishika kamera, na ni wajibu wake kuusogeza mwanga hadi kila mmoja wao aonekane alivyo.